Mashine Kongwe ya Kahawa: Inunuliwe au Iachwe?

Katika nyumba nyingi za Kibosho, Uru, Kilema na Rombo, nyuma ya banda la ng'ombe au kwenye pembe ya stoo, imelala mashine ya kumenyea kahawa ambayo haijazungushwa kwa miaka mingi. Mpini umepotea, kuku hutaga mdomoni mwake, na watoto wa nyumba hawajui ni kitu cha kazi gani. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ya arabika huko New York ilipanda ikapita dola 4 kwa ratili, na habari za namna hiyo hazichelewi kufika mlimani. Basi mwenye mashine huitoa nje, huisugua kwa brashi, pengine huipaka rangi ya kijani, halafu humwambia jirani: "Ninauza. Ni ya Mwingereza hii, chuma kitupu!"

Ni kweli, ni chuma kitupu. Na hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu huona uzito wa chuma akadhani ndio thamani ya mashine.

Kwanza tujue kwa nini mashine hizi zilinyamaza, maana si zote zilikufa kwa ubovu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema katika miaka ya 1890, na Wachagga wakaichukua kwa bidii hata wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa Ushirika wetu, KNCU. Kwa muda mrefu kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Kisha mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana masoko ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Vihamba navyo viligawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vikawa vipande. Wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mboga. Mashine ikakosa kazi, na chuma kisichofanya kazi mahali penye mvua kama kwetu hushikwa na kutu.

Kwa hiyo ukiambiwa, "Haifanyi kazi," usikimbie, wala usifurahi kwamba itakuwa rahisi. Uliza: haifanyi kazi kwa sababu gani? Iliachwa nzima ikalala tu, au iliachwa kwa kuwa ilikuwa inaharibu kahawa? Mashine hizi mbili zaweza kufanana kabisa kwa nje.

Ili kuzitofautisha, hapana budi kujua inavyofanya kazi. Kahawa mbivu humiminwa juu pamoja na maji. Ndani kuna ngoma iliyovikwa bati la shaba, na bati hilo limejaa vipele vidogo. Mbele ya ngoma kuna kipande cha chuma ambacho nitakiita kifua. Mpini ukizungushwa, vipele huivuta kahawa na kuibana kwenye kifua, ganda likapasuka, buni mbili zikateleza kutoka. Buni hushuka upande mmoja, na maganda hubebwa na ngoma kwenda upande wa pili. Werevu wote wa mashine umo katika nafasi ile nyembamba baina ya shaba na kifua. Ikiwa pana mno, kahawa hupita bila kumenywa. Ikiwa nyembamba mno, au ngoma ikiyumba, buni hukatwa.

Na buni iliyokatwa ndiyo hasara ambayo mnunuzi wa mashine haioni siku ya kununua. Kahawa ikisha kumenywa huvundikwa ili ule utelezi uachie, na kwetu juu penye baridi kazi hiyo yaweza kuchukua hata siku 2. Wakati huo buni yenye jeraha huingiwa na uchachu mahali ilipochanika, hubadilika rangi, na ikifika kwa waonjaji huko Moshi hushusha daraja la zile nzima zilizo pamoja nayo. Kumbuka kwamba yatakiwa kilo 5 au 6 za kahawa mbivu kupata kilo 1 tu ya buni safi. Umepogoa, umepulizia dawa, mama na watoto wamechuma moja moja kwa vidole, halafu chuma ulichonunua kwa bei nafuu kinakuharibia kazi ya mwaka kwa jioni moja! Mashine isiyozunguka kabisa haimdhuru mtu. Ya kuogopwa ni ile iliyotengenezwa nusu.

Basi, ukienda kuitazama, nenda mchana, uombe itolewe nje kwenye mwanga. Anza na shaba. Wanunuzi wa vyuma chakavu huipenda sana, kwa hiyo ngoma nyingi zimevuliwa nguo zao, ukakuta gogo tupu. Ikiwa bati lipo, pitisha kidole gumba juu yake polepole. Vipele viwe vimesimama na kukwaruza. Vikiwa vimelala kama meno ya mzee, maganda yatachanganyika na buni. Tazama kama bati limechanika, au limeinuka mahali misumari ilipoachia. Bati lililoinuka kidogo tu hukata buni kila ngoma inapozunguka.

Kisha shika ngoma kwa mikono miwili uisukume kushoto na kulia, juu na chini. Ikicheza, bushi zimekwisha. Jambo hili lisikukatishe tamaa, kwani fundi wa mjini mwenye mashine ya kukereza chuma huweza kuchonga bushi mpya. Meno ya gia yahesabiwe yote, na yaliyovunjika yatazamwe. Mpini uliopotea si neno, hutengenezwa. Kutu ya juujuu nayo si neno. Mafuta ya taa, brashi ya waya na subira ya siku 2 au 3 huiondoa.

Ufa katika mwili wa mashine ni jambo jingine. Mashine hizi za kale, kama zile za Bentall wa Heybridge na McKinnon wa Aberdeen, mwili wake ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hiyo hakipendi kuungwa kwa moto wa umeme kama nondo za dirisha. Kisipopashwa moto vizuri kabla na kupozwa taratibu baadaye, hupasuka tena kandokando ya mahali palepale. Ukiona ufa unaopita mahali shafti inapokaa, shukuru kwa chai uliyokaribishwa, uage. Ukiona rangi mbichi mahali pamoja tu na kwingine kutu, kwangua hapo kwa ukucha.

Hapa niseme neno kwa muuzaji pia. Kuficha ufa kwa rangi na kuchukua fedha ya jirani ni wizi, na Amri ya Saba haikuweka kando mashine kuukuu. Muuzaji akisema wazi, "Shaba imechakaa, bushi zimelegea," amepunguza bei yake, lakini bado anaweza kukaa benchi moja na jirani yake Jumapili.

Tuseme sasa mashine ni nzima mwilini, inataka bati jipya na bushi tu. Je, inunuliwe? Swali hili halijibiwi uani kwa muuzaji. Lijibiwe nyumbani, na mama awepo. Kwa desturi ya Kichagga fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, na ya ndizi ilikuwa ya mama. Lakini ada ya shule mwezi wa Januari haiulizi fedha imetoka kwenye mgomba au kwenye mbuni. Pigeni hesabu pamoja: bei ya mashine, kuibeba mpaka kwa fundi na kuirudisha (haibebwi na mtu mmoja kichwani), bati, bushi, na mkono wa fundi. Jumla hiyo iwekwe kando ya bei ya mashine mpya ndogo dukani Moshi. Ikikaribia nusu, mimi ningeanza kusita. Ikipita hapo, ningeiacha, hata kama ni ya Mwingereza.

Halafu mkubaliane kahawa yenu ni kiasi gani hasa, mkitumia takwimu za msimu uliopita na siyo matumaini ya msimu ujao. Nyumba inayochuma madebe 2 siku ya wingi humaliza kumenya kabla chungu cha ndizi hakijaiva, na siku nyingine zote mashine imelala. Nyumba kama hiyo haina haja ya mashine peke yake. Ikiwa chama chenu cha msingi kina kiwanda cha kumenyea cha pamoja, pelekeni mbivu huko siku ileile ya kuchuma. Kahawa ya huko hutoka ya namna moja na kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko ya nyumbani. Mahali kiwanda kilipo mbali, na mbivu zingelala usiku ndani ya kiroba zikaanza kuchacha, hapo mashine ya jirani wanne au watano walioshirikiana ina maana kubwa. Mkikubaliana hivyo, andikeni mapema nani hutangulia siku ya wingi, na nani huiosha. Shaba isiyooshwa jioni huamka na uchachu wa jana. Maganda yaende kwenye migomba, na maji machafu yasirudishwe kwenye mfereji ambao wa chini wanachota maji ya kupikia.

Kuna wanaonunua kwa sababu nyingine kabisa. Kule Materuni, Uru, wageni wa ng'ambo huja kuona maporomoko ya maji na kujifunza kahawa, nao hufurahi kuzungusha mpini wenyewe. Kwa kazi hiyo ya konzi moja moja, hata ngoma yenye vipele vilivyochoka yafaa. Lakini kahawa ya kuuza isipitie humo.

Ikiwa msimu haujafika na hakuna mbivu za kujaribia, msilipe fedha yote. Toeni sehemu, iliyobaki ingoje hadi mavuno, na mapatano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo. Siku ya kujaribu, chukueni mbivu zilizoiva sawasawa, mmimine pamoja na maji, mzungushe bila pupa, halafu mhesabu buni 100 kutoka kwenye ndoo na kuzigeuza moja moja. Mkiona zilizokatwa, legezeni kifua kidogo mrudie. Mkilegeza mpaka mbivu zinapita nzima na bado nyingine zinakatwa, ngoma hiyo si duara tena, na fedha iliyobaki ikae mfukoni.