Kanuni ya Martha: Jamaa Wanapoona Mgonjwa Anazidiwa

Kanuni ya Martha ni utaratibu wa hospitali za England unaowapa mgonjwa na jamaa zake haki ya kuomba timu nyingine imchunguze haraka, wanapoona hali inazorota na wahudumu wa wodi hawachukui hatua. Jina linatokana na Martha Mills, msichana wa miaka 13 aliyeumia kongosho baada ya kuanguka na baiskeli. Alifariki mwaka 2021 kwa sepsisi, yaani mwili kujidhuru wenyewe unapopambana na maambukizi. Wazazi wake walikuwa wameeleza hofu yao, lakini hawakusikilizwa. Uchunguzi rasmi wa kifo ulibaini kwamba yumkini angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi.

Tangu 2024, hospitali zilizoanza utaratibu huu hupokea maombi hayo saa 24. Vilevile mgonjwa au jamaa huulizwa kila siku kama hali imebadilika, na jibu huandikwa. Swali hilo ni dogo lakini lina uzito mkubwa. Presha ya mtoto, kwa mfano, huweza kubaki ya kawaida hadi akiwa taabani. Mama anayemjua mwanawe huona mapema kwamba amelegea, hakojoi, anaongea ovyo au ngozi imebadilika rangi.

Jimbo la Queensland, Australia, lilitangulia mwaka 2013 kwa utaratibu kama huo uitwao Kanuni ya Ryan. Huko jamaa huanza kwa muuguzi, kisha msimamizi wa zamu. Wasiporidhika, hupiga simu kuomba mgonjwa achunguzwe upya.