Kizuizi Kilichohamia Kwenye Pampu

Isiolo ni mji wa askari tangu zamani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali waliolitumikia jeshi la Uingereza waliruhusiwa kukaa hapa, na hadi leo jeshi lina chuo chake cha askari wa miguu mjini. Kwa hiyo mtu akiuliza kama askari aliyepotezea mguu Somalia alipie barabara, hapa hilo si swali la vitabuni.

Huko Florida, Marekani, sheria humpitisha bure dereva mwenye ulemavu mkubwa wa mikono anayeshindwa kutumbukiza sarafu kwenye kikapu cha tozo. Shukrani ya taifa haitajwi. Kinachompa msamaha ni ile sarafu asiyoweza kuitumbukiza. Lakini ili msamaha huo uwezekane, sharti pawe na kizuizi cha tozo, na njia ya kukutambua unapofika.

Kenya nayo ilikuwa na vizuizi vya tozo, chini ya sheria ya 1984. Mwaka 1993 Bunge likaunda ada ya matengenezo ya barabara, na malipo yakahamia kwenye mafuta. Julai 2024 ada hiyo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Pampu haimjui anayejaza tangi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, kutoka Isiolo hadi Nairobi, kilomita kama 280, limelipa shilingi 700 bila dereva kusimamishwa popote. Kurudi, 700 nyingine. Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa 2022, ina vibanda vya tozo, lakini inaanzia Mlolongo, upande ambao mtu wa Isiolo hapiti.

Si kwamba sheria zetu zimemsahau kabisa askari huyo. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato, hata wa ushuru wa gari analoagiza ng'ambo, na mwaka 2022 tukapata sheria ya wanajeshi wastaafu. Gari, sawa, kwa aliye nalo! Wengi hupanda matatu, magongo yamelazwa chini ya kiti, na ile ada imo ndani ya nauli.

Ningepewa kalamu ya sera, ningeanza na tiketi ya matatu: siku anapokwenda kliniki, askari huyo aioneshe pamoja na kadi yake ya ulemavu, arudishiwe nauli kwa simu kabla hajafika nyumbani.