Majani Mekundu

Mwezi wa Septemba wanafunzi wa Butembo na Beni wanarudi shuleni. Ukavu wa Juni na Julai umekwisha, mvua imerudi, na wakulima wanapanda maharage.

Mwezi huohuo, mbali sana upande wa kaskazini, katika nchi za Ubelgiji na Ufaransa, miti huanza kugeuka rangi. Majani mengine huwa ya manjano kama ndizi mbivu, mengine huwa mekundu kama pilipili. Wazazi huwachukua watoto wao kwenda msituni kuyatazama. Kisha majani hupukutika, na miti mingi hubaki mitupu.

Kwa nini? Jani ni jiko la mti. Ndani yake mti hupika chakula chake kwa maji, hewa na mwanga wa jua. Rangi ya kijani ndiyo inayoukamata mwanga huo. Lakini huko mchana haulingani mwaka mzima. Ubelgiji, mwezi wa Juni mchana una saa 16 hivi. Mwezi wa Desemba una saa 8 tu, na baridi ni kali. Mchana ukipungua, mti hufunga jiko. Huvunja rangi ya kijani, huweka akiba ndani ya matawi, kisha huacha jani lianguke. Rangi ya manjano ilikuwamo tangu zamani, ila kijani iliificha. Rangi nyekundu hutengenezwa wakati ule.

Na kwetu je? Mstari wa Ikweta unapita kusini kidogo ya mji wa Butembo. Mchana wetu una saa 12 hivi, Juni na Desemba. Theluji iko mbali juu ya Ruwenzori. Basi miti yetu mingi haivui majani yote pamoja: moja huanguka leo, jingine huchipuka kesho.

Hata hivyo, majani mekundu tunayo. Tazama mkakao wa Beni, au mwembe: majani machanga ni mekundu, kisha hugeuka kijani. Rangi hiyo hulikinga jani lililo laini bado na jua kali. Ulaya jani huwa jekundu likizeeka; kwetu huwa jekundu likizaliwa.

Na majani yaliyoanguka, usiyachome! Milima ya Butembo ina mteremko mkali. Mvua ikikuta udongo mtupu, huuchukua mpaka mtoni, na shamba hubaki mawe. Majani yakiufunika udongo, matone hayaupigi, na maji huingia polepole. Yakioza huwa mbolea ya maharage. Mungu Muumba amelipa jani kazi hata baada ya kuanguka.

Maswali
1. Kwa nini miti ya Ubelgiji hupukutisha majani?
2. Majani ya mkakao huwa mekundu wakati gani?
3. Nyumbani kwenu mnafanya nini na majani yaliyoanguka?