Shingo imevunjika, kipa bado anadaka: siri iko kwenye ubongo

WEMBLEY, Mei 5, 1956. Fainali ya Kombe la FA, Manchester City wanaongoza 3-1 dhidi ya Birmingham City, zimebaki kama dakika 17. Kipa wa City, Mjerumani Bert Trautmann, anajirusha miguuni mwa Peter Murphy kuuwahi mpira. Anagongwa shingoni na kuzimia.

Enzi hizo hakuna cha sub. Trautmann akainuka akiyumba, akarudi golini na kudaka mpaka filimbi ya mwisho. City wakabeba kombe. Siku chache baadaye picha ya eksirei ikaonyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika.

Mashabiki huwa tunaimaliza stori hii kwa maneno mawili: roho ngumu. Sawa, jamaa alikuwa nayo. Lakini mwili unawezaje kubeba mzigo wa namna hiyo?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1972, mbali kabisa na viwanja, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Mwanafunzi wa miaka 26, Candace Pert, alikuwa anatafuta mahali mofini inapokwenda ikiingia mwilini. Dawa hiyo aliijua kwa machungu: aliwahi kuanguka kutoka kwenye farasi, akaumia uti wa mgongo, na hospitalini akatulizwa kwa mofini.

Wanasayansi walihisi kwamba ubongo una vipokezi vyake, yaani vitasa ambavyo mofini huingia kama ufunguo. Ila hakuna aliyekuwa amevionyesha. Pert akachukua naloksoni, dawa inayoziba kitasa bila kufungua mlango, akaitumia ikiwa na alama ya mionzi ili aifuatilie, kisha akaichanganya na tishu za ubongo. Ikanasa. Mwaka 1973 yeye na mwalimu wake, Solomon Snyder, wakachapisha matokeo. Mwaka huohuo maabara za New York na Uppsala, Sweden, nazo zikaja na jibu lilelile.

Sasa likaja swali gumu. Mofini inatoka kwenye mmea. Ubongo wa binadamu unaweka kitasa cha nini kwa ajili ya ufunguo wa shambani? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, wakajibu kwa kutumia ubongo wa nguruwe: mwili unatengeneza funguo zake wenyewe. Leo tunazijua zaidi kwa jina la endofini, yaani mofini ya ndani.

Mwaka 1978 Snyder, Hughes na Kosterlitz wakapewa Tuzo ya Lasker. Pert akaachwa, kama mfungaji wa bao la fainali anayenyimwa medali. Hakukaa kimya, alilalamika waziwazi. Alifariki mwaka 2013.

Hakuna aliyempima Trautmann siku ile, na mwenyewe alisema maumivu aliyasikia. Lakini tunajua kwamba mwili ukiwa kwenye hatari au presha kubwa unaweza kuzimwaga funguo hizo na kupunguza maumivu kwa muda. Ndiyo maana beki anaweza kumaliza dakika 90 akikaba vizuri tu, halafu akashindwa kushuka kwenye basi.

Tatizo ni pale mtu anapotaka kuchonga ufunguo wa bandia. Tramadoli huingia kwenye vitasa hivyohivyo. Inaleta kizunguzungu na usingizi, inaweza kuleta degedege, na ukiizoea unahitaji zaidi ili upate nafuu ileile. Kuanzia Januari 1, 2024, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA) limeipiga marufuku wakati wa mashindano.

Maumivu ni taarifa. Goti likiuma, linakwambia kuna kitu kimelegea au kimechanika. Ukilinyamazisha kwa kidonge ili ucheze, umemfukuza mtoa taarifa, ila jeraha bado lipo na linaongezeka kila unapokimbia.

Kwa hiyo straika wako akinyoosha mkono kuomba kutoka, usikimbilie kumwita legelege. Endofini zinaweza kumdanganya kwamba yuko fiti. Akisikia maumivu juu ya hizo, ujue goti limepiga kelele kweli, na kazi ya benchi ni kumsikiliza.