Pat Summitt: Kocha Aliyelea Mabinti wa Wenzake

Wapo wanawake ambao ushindi wao unafahamika kila mahali, lakini maisha yao ya nyumbani hayasimuliwi sana. Mwezi huu tumependa kuwaletea, akina mama wenzetu, habari za Pat Summitt, Mmarekani aliyefundisha mpira wa kikapu kwa wanawake katika Chuo Kikuu cha Tennessee kwa misimu 38. Hata kama hujawahi kuushika mpira huo mkononi, usifunue ukurasa kwanza.

Alizaliwa Juni 14, 1952, huko Clarksville katika jimbo la Tennessee, akiwa mtoto wa nne kati ya watano. Wazazi wake, Richard na Hazel Head, walikuwa wakulima wa tumbaku na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kaka zake watatu walimtangulia, na hawakumhurumia kwa kuwa ni msichana. Kazi za shamba zilipokwisha, watoto walipanda juu ghalani, palipowekwa nyasi za ng'ombe, wakacheza mpira wa kikapu huko.

Baba yake alikuwa mkali na mwenye maneno machache. Shule ya sehemu yao haikuwa na timu ya wasichana, na mzee huyo alipolitambua hilo aliihamisha familia nzima hadi wilaya ya jirani, Henrietta, ili binti yake apate kucheza. Na huyo ndiye baba ambaye hakuwa na desturi ya kumkumbatia mwanawe! Pat alisimulia kwamba alikuwa na miaka 43, ameshashinda ubingwa wa mwaka 1996, ndipo baba yake alipomkumbatia. Tunadhani wengi wetu tunawajua akina baba wa namna hiyo, ambao upendo wao huonekana katika mizigo wanayobeba.

Kaka zake walisomeshwa chuoni kwa ufadhili wa michezo. Yeye hakupata ufadhili huo kwa sababu siku hizo wasichana hawakupewa, na wazazi walimlipia wenyewe. Sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilipitishwa Marekani mwaka 1972, lakini mabadiliko yalikwenda taratibu. Mwaka 1974 Pat alikabidhiwa timu ya Tennessee akiwa na miaka 22 tu, huku mwenyewe akiendelea na masomo. Alilipwa dola 250 kwa mwezi. Jezi za wachezaji alifua yeye, na gari la timu aliliendesha yeye. Mchezo wa kwanza walishindwa kwa pointi moja. Wakati huohuo alikuwa akiuguza goti lililoumia vibaya, na bado akafanya mazoezi hadi akaichezea Marekani katika Olimpiki ya Montreal ya 1976, wakarudi na medali ya fedha. Mwaka 1984 huko Los Angeles aliiongoza timu ya taifa kama kocha, wakachukua dhahabu.

Ubingwa wa vyuo aliutwaa mara nane, wa kwanza mwaka 1987 na wa mwisho mwaka 2008. Lakini sisi kama wazazi tumevutiwa zaidi na jambo jingine. Wachezaji wake walitakiwa kukaa katika safu tatu za mbele darasani, na aliyekosa kipindi bila sababu hakucheza. Kila msichana aliyemaliza miaka yake ya kuichezea Tennessee chini yake alipata shahada. Mzazi aliyemkabidhi bintiye alijua atarudi na kitu ambacho goti bovu haliwezi kumnyang'anya.

Hatusemi alikuwa mpole. Macho yake yalikuwa yakiogopwa. Zamani, wachezaji wake walipokwenda kustarehe usiku kinyume cha amri, aliweka mapipa ya taka kwenye pembe za ukumbi wa mazoezi, akawakimbiza mpaka wakatapika. Sisi tusingependa binti zetu watendewe hivyo. Ila mabinti haohao walialikwa nyumbani kwake, naye akawapikia mwenyewe, na wengi waliendelea kumpigia simu hata baada ya kuwa mama.

Alifunga ndoa na R.B. Summitt mwaka 1980. Miaka kumi ikapita. Mimba ziliharibika mara kadhaa, na wasomaji waliopitia hapo wanajua uzito wake bila sisi kueleza. Hatimaye akabeba mimba iliyokaa. Septemba 1990, siku zake zikiwa zimekaribia, alipanda ndege kwenda Pennsylvania kuzungumza na familia ya mchezaji mmoja, Michelle Marciniak. Chupa ikapasuka hukohuko. Alikataa kwenda hospitali ya karibu, kwani alitaka mtoto wake azaliwe Tennessee. Angani rubani alitaka kutua Virginia. Akakataa tena, timu ya Virginia ilikuwa imewatoa mashindanoni mwezi Machi! Mtoto alingoja, naye Tyler akazaliwa Knoxville. Tusiige jambo hilo, lakini tulicheka tuliposoma. Marciniak kwanza alichagua chuo kingine, baadaye akahamia Tennessee na kuchangia ubingwa wa 1996.

Tyler alikua safarini na timu, akiwa na yaya wake. Hivyo ndivyo mama huyo alivyoweza kufanya kazi bila kumwacha mtoto nyuma. Ndoa yenyewe haikudumu. Walitalikiana mwaka 2008.

Kisha Pat akaanza kusahau. Funguo zilipotea mara kwa mara, na katikati ya mchezo akili ilikwama asijue awaagize nini wachezaji. Mwaka 2011 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Alzheimer, ambao huharibu ubongo na kumbukumbu. Alikuwa na miaka 58, umri ambao ndugu wangeweza kudhani ni uchovu tu. Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 59, aliutangazia umma, ingawa wengi huficha. Tyler, kijana wa miaka 20, alisimama pamoja naye. Aliongoza msimu mmoja zaidi, huku Holly Warlick, aliyewahi kuwa mchezaji wake, akibeba sehemu kubwa ya kazi. Aprili 2012 akampisha. Alikuwa ameshinda michezo 1,098, na hadi siku hiyo hakuna kocha wa vyuo vya daraja la juu, mwanamume au mwanamke, aliyefikia hesabu hiyo. Wengine walimpita baadaye.

Alianzisha mfuko wa kusaidia utafiti wa ugonjwa huo na familia zinazouguza. Alifariki Knoxville Juni 28, 2016, akiwa na miaka 64, wakati Tyler alikuwa na miaka 25.