Nguvu ya Gunia na Nguvu ya Mbu

Mchukuzi wa Garsen abebaye gunia la mpunga la kilo 90 na kulipandisha garini ajua vema nguvu ni nini, ijapokuwa hajapata kuiandika kwa tarakimu. Lakini katika madimbwi ambayo mto Tana huyaacha kila ufurikapo iko nguvu nyingine, ndogo mno, isiyoweza kuvunja hata unyasi; na hiyo ndiyo imshikiliayo kiluwiluwi wa mbu juu ya maji apate kupumua. Nguvu hizi mbili ni za namna moja, ila hazipimwi vema kwa kipimo kimoja.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba kilo si kipimo cha nguvu. Kilo yapima wingi wa kitu chenyewe, na kilo ya mchele ni kilo popote ipelekwapo. Nguvu, ambayo waalimu huiita kani, ni msukumo au mvuto, na kipimo chake ni newton, kwa jina la Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1727. Jina hilo lilikubaliwa na mkutano wa mataifa juu ya vipimo mwaka 1948. Newton moja ni nguvu iwezayo kuongeza mwendo wa kitu cha kilo moja kwa mita moja kwa sekunde, katika kila sekunde ipitayo. Huku kwetu karibu na ikweta dunia huvuta kila kilo kwa newton 9.78. Huko London ni 9.81, maana yake gunia ni jepesi kidogo likiwa Garsen, ingawa mchukuzi hataona nafuu yoyote! Basi gunia letu lavutwa chini kwa newton 880.

Kipimo kidogo chaitwa daini, nacho kilipewa jina hilo Uingereza mwaka 1873. Daini hutumia gramu mahali pa kilo, na sentimita mahali pa mita. Kilo ina gramu 1,000, na mita ina sentimita 100. Ukizidisha wapata 100,000. Kwa hiyo newton moja ni daini 100,000. Atakaye kugeuza newton kuwa daini na azidishe kwa 100,000, na atakaye kurudi na agawanye. Gunia lile ni daini 88,000,000, hesabu isiyomfaa mtu. Mbu mwenye miligramu 2 naye ni newton 0.00002, ambayo mwandishi akisahau sifuri moja tu hesabu yote imeharibika. Afadhali kusema daini 2.

Uso wa maji una kitu mfano wa utando uliowambwa, nao huvuta kwa daini 71 hivi katika kila sentimita ya urefu. Msomaji aweza kuujaribu nyumbani. Chukua sindano nyembamba ya kushonea, kavu, iliyopakwa mafuta kidogo, uilaze polepole juu ya maji ya bakuli. Ikiwa ni ya gramu 0.3, uzito wake ni daini 293. Ikiwa na urefu wa sentimita 4, utando huishika pande zote mbili, yaani sentimita 8, na mara 71 ni daini 568. Itaelea. Sasa tia tone la maji ya sabuni. Sabuni hudhoofisha utando mpaka chini ya daini 30 kwa sentimita. Mara 8 haifiki 240, na sindano yazama papo hapo.

Kiluwiluwi naye hutegemea utando huohuo, akipitisha hewa katika matundu yaliyo mkiani mwake. Ndiyo sababu maofisa wa afya wa zamani walinyunyiza mafuta juu ya madimbwi. Mafuta huenea yakawa ngozi nyembamba, yakapunguza mvuto wa utando na kuingia katika matundu yale, naye kiluwiluwi akafa kwa kukosa hewa. Watu wa Tana wajua kwa nini jambo hili lina uzito kuliko daini zake. Mbali na malaria, baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 mbu walieneza homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo katika wilaya kadhaa za Kenya, na Tana River ilikuwa mojawapo.

Lakini mafuta hayamwagwi kila mahali. Yasitiwe katika kisima, wala katika maji yanywewayo na ng'ombe, wala katika mashamba ya mpunga au maji yenye samaki. Dimbwi dogo lililo karibu na nyumba ni heri kulifukia kwa udongo. Kazi hiyo ni ya jembe, na nguvu zake zahesabiwa kwa newton.