USALAMA NA AFYA: Mnyororo Unabeba Uzito, Lakini Masi Inaponda



Siku moja walimleta kwenye dispansere kijana wa ateliye, vidole vitatu vimepondeka. Motere ya tani moja ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo, ikayumba polepole kuelekea ukuta. Yeye akaweka mkono ili aisimamishe. Nilipokuwa ninamfunga bandeji akaniambia: «Munganga, mimi sikuibeba. Mnyororo ndio ulioibeba. Nimeigusa tu.»

Alisema kweli. Uzito ulikuwa juu ya mnyororo. Kilichomponda ni kitu kingine, kinachoitwa masi.

Masi ni nini? Uzito ni nini?

Masi ni kiasi cha kitu chenyewe: chuma, shaba au unga uliomo ndani. Tunaipima kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta nayo kitu hicho kuelekea chini. Wenye elimu wanaupima kwa nyutoni, kwa jina la Isaac Newton, Mwingereza aliyetoa kitabu cha kanuni hizo mwaka 1687. Kilo moja, hapa duniani, inavutwa kwa nyutoni karibu 10.

Mama, chukua mfuko wa unga wa kilo 25. Tuupeleke mwezini, kule walikotembea Wamarekani tangu 1969 hadi 1972. Mwezi unavuta kwa nguvu ndogo, kama sehemu moja ya sita ya nguvu ya dunia. Mzani wa springi wa kutundika, ule tunaopimia watoto wachanga, ungeonyesha kilo 4 na kidogo. Lakini bukari isingepungua, watoto wangeshiba vilevile. Uzito umepungua, masi imebaki.

Masi ni kama mtu mkaidi

Kitu chenye masi kubwa kikisimama, hakitaki kuondoka. Kikiondoka, hakitaki kusimama. Mtu mmoja anaweza kusukuma vagoni kwenye reli tambarare, kwa sababu reli zinabeba uzito, naye anaongeza mwendo kidogo kidogo. Lakini kuisimamisha kwa ghafula hawezi.

Tufanye hesabu. Motere ya tani moja inakwenda mita 1 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea. Mkono ukiisimamisha ndani ya sentimita 5, unapokea nyutoni 10.000, sawa na kuwekewa tani nzima juu yake. Ukibanwa ukutani na motere ikasimama ndani ya sentimita 1, ni sawa na tani 5. Mkono gani utavumilia?

Basi tushike haya:

1. Usisimamishe mzigo unaoyumba kwa mkono, mguu wala kifua. Uongoze kwa kamba ndefu, wewe ukiwa mbali. Kamba usiizungushe mkononi.

2. Usisimame kati ya mzigo na ukuta, wala chini ya mzigo.

3. Vagoni ikijiendea yenyewe, ondoka njiani na upige kelele kuwaonya wenzako. Ikisimama, tia kabari.

4. Anayeinua mzigo aanze polepole na amalize polepole. Mzigo usiyumbe tangu mwanzo.

Mwenzako akipondeka mkono, mvue pete mara moja kabla vidole havijavimba. Usiukande mkono, usiupake kitu. Ufunike kwa kitambaa safi, uinue juu, umlete kwenye dispansere bila kukawia, hata kama anasema haumii sana.

Kidole kimoja cha yule kijana hatukuweza kukiokoa. Alirudi kazini, na kila anapoona mwenzake ananyosha mkono kwenye mzigo unaoyumba, anamwonyesha mkono wake mwenyewe. Hana haja ya kusema neno.

Ndugu msomaji, soma ukurasa huu nyumbani jioni, pamoja na mama na watoto. Mikono yako miwili ndiyo inayoleta bukari mezani.